Muheza, Msimu wa Machungwa

Jumamosi, 3 Juni 2023

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, na vijana wa mnunuzi wameshapanda mitini. Mjomba ameuza nusu ya shamba kwa mtindo uliozoeleka hapa Muheza: mnunuzi anapita katikati ya miti, anakadiria kwa macho, mnapatana bei, na tangu hapo matunda ni yake na wachumaji ni wake. Wa safari hii anapeleka Mombasa kupitia Horohoro. Fuso limesimama barabarani, machungwa yanamiminwa ndani hivyo hivyo, bila tenga wala kreti. Ya chini yatabeba uzito wa wenzake mpaka Kongowea.

Nimeokota mawili nikayatazama. Moja limevutwa kwa mkono. Kikonyo kimeng'oka na kipande cha ganda, pamebaki kijishimo cheupe kilicholowa. La pili limekatwa, kikonyo kimebaki kifupi, kimelala sawasawa na ganda. Mteja sokoni hatayatofautisha, lakini ukungu utayatofautisha. Hauwezi kupenya ganda zima, unangoja jeraha.

Umande nao una lake. Ganda la chungwa limejaa vifuko vidogo vya mafuta, ndivyo vinavyorusha ule mvuke unaowasha macho ukimenya. Asubuhi ganda limeshiba maji, vifuko vimetuna, kidole kikibonyeza kidogo tu vinapasuka, na mafuta yale yanaliunguza ganda lenyewe. Siku mbili tatu baadaye yanatokea mabaka ya kahawia, na watu husema chungwa lina ugonjwa. Nusu yetu iliyobaki, Mjomba hataki iguswe kabla ya saa nne.

Nimemwuliza kwa nini hawaambii vijana wale.

"Nimeshauza, mwanangu. Ng'ombe ukishamuuza humfundishi mwenyewe kumkamua."

Jumapili, 4 Juni

Leo zamu yetu. Mjomba haangalii rangi. Chungwa huvua ukijani usiku ukiwa na baridi, kiasi cha nyuzi 13 kushuka chini, na pwani hii haifiki huko. Ndiyo maana yetu huiva yakiwa bado ya kijani au ya kimanjano, na mgeni kutoka bara huyapita akidhani ni mabichi. Mjomba hupima kwa kiganja: chungwa liwe zito kuliko umbo lake, ganda liwe laini. Kisha anakata moja katika kila mti, tunaonja. Mti ambao bado una ukali tunauacha.

Hapa hana mzaha, na ana haki. Embe na ndizi huvunja wanga zikiwa ndani ya nyumba, zikawa tamu. Chungwa halina akiba hiyo. Likichumwa chachu, litabaki chachu mpaka linyauke. Hakuna tunachoweza kuliongezea baada ya kulitenga na mti. Linaendelea kupumua, linakula sukari yake na asidi yake, linapoteza maji kupitia ganda. Kazi yote ya kuhifadhi ni kupunguza mwendo wa hasara hiyo.

Yaliyochumwa tumeyatandaza kwenye mkeka barazani, kivulini, mpaka kesho. Ganda likilegea kidogo halichubuki ovyo kwenye kreti. Hatuyaoshi. Maji hubeba vimelea vya ukungu kutoka chungwa moja hadi jingine na kuviingiza kwenye mikwaruzo, na kusugua kunaondoa nta ambayo chungwa limezaliwa nayo. Makampuni makubwa ya kusafirisha nje huosha, lakini huyakausha na kuyapaka nta nyingine badala yake. Sisi tutaosha wakati wa kula.

Mama ameanza achari ya Idd. Ndimu zimepasuliwa nne bila kuachanishwa, zimeshindiliwa chumvi, zimeingia kwenye chupa ya kioo. Chupa iko juu ya bati la banda la kuku, inakula jua.

Alhamisi, 8 Juni

Kliniki ya wajawazito. Kutwa nzima nimezungumza habari ya damu.

Mama mmoja, mimba ya miezi sita, damu yake iko chini tangu hudhurio lililopita, na vidonge vya kuongeza damu anasema anameza kila siku. Nikamwuliza anameza na nini.

"Na chai, dada. Chai ya rangi. Vikipita na maji matupu vinanitia kichefuchefu."

Jibu lilikuwa hapo hapo. Majani ya chai yana vitu vinavyokamata madini ya chuma tumboni visiyaachie. Chungwa linafanya kinyume chake: vitamini C inayabadilisha madini yale, yale ya kwenye maharage, mchicha, kisamvu, yakawa katika hali ambayo utumbo unaweza kuyapokea. Lakini ni lazima vikutane kwenye mlo mmoja. Chungwa la saa kumi jioni halisaidii maharage ya saa saba mchana.

Nimemwambia: kidonge na chungwa au maji ya ndimu, chai isogee mbele saa moja au mbili. Ameuliza kama chungwa litamletea kiungulia. Linaweza. Basi asile tumbo likiwa tupu, ale pamoja na chakula, na pera au papai vitafanya kazi hiyo hiyo.

Nimeandika hesabu hii ubaoni ili wengine wainakili. Gramu 100 za chungwa zina takribani miligramu 53 za vitamini C. Limau ni kama hivyo hivyo. Ndimu ni 29 hivi, chenza 27, balungi zaidi kidogo ya 30. Pera linawapita wote, zaidi ya 200. Mtu mzima, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, anahitaji miligramu 45 kwa siku, mjamzito 55, anayenyonyesha 70. Chungwa moja la wastani linatosha karibu siku nzima. Anayekula kumi kwa mkupuo atayakojoa mengi. Mwili hauweki ghala kubwa la vitamini hii, kwa hiyo unaitaka kidogo kidogo, kila siku.

Muuguzi mwenzangu akacheka: "Na ndimu tunayoisifia kwa mafua?" Ndimu ni kali, ndiyo yote. Ukali si kipimo cha vitamini.

Jumamosi, 10 Juni

Tanga mjini, sokoni Ngamiani. Nimesimama kwa muuza machungwa ya kumenya. Kisu chake chembamba hakikosei: ganda la juu linatoka utepe mmoja mrefu, nyama nyeupe inabaki kote, kisha anakata kofia na kukupa. Unaminya, unafyonza, unatupa machicha.

Kufyonza ni kuzuri kuliko kutokula, lakini machicha ndiyo yenye nyuzinyuzi. Gramu 100 za chungwa zima zina kama gramu mbili na nusu za nyuzinyuzi; juisi iliyochujwa karibu haina kitu. Ile nyama nyeupe ina pektini, nayo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ukikamua glasi moja utahitaji machungwa matatu au manne, na utakunywa gramu ishirini na ushei za sukari kabla hujavuta pumzi. Machungwa manne kwa kuyatafuna, hata mimi nisingeyamaliza. Na muuza juisi wa pembeni alikuwa anaongeza sukari kwenye ndoo.

Meza ya jirani ina machungwa yaliyomenywa tangu asubuhi, yamepangwa kwenye sinia, hayajafunikwa. Watu wanauliza kama vitamini imeshapaa. Kidogo, asidi ya chungwa huilinda vitamini kwa saa nyingi. Kinachoniogopesha ni nzi, vumbi na yale maji ya kwenye ndoo anayochovya kisu. Nilimwomba animenyee jipya, na akaninunia.

Jumatatu, 12 Juni

Umeme umekatika. Nimesoma kwa taa ya simu habari za Wareno, kwa sababu ya Tongoni, tuliyozunguka kuipitia juzi tukirudi kutoka Tanga.

Aprili 1498 São Rafael, merikebu mojawapo ya msafara wa Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga ya Mtangata, ndiyo Tongoni ya leo. Ilipokuwa imekaa juu ya mchanga, vyombo viwili vya wenyeji viliwafuata, na kimojawapo kilikuwa kimesheheni machungwa. Mreno aliyeandika shajara ya safari ile anakiri kuwa yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Mombasa nako waliletewa machungwa na malimau.

Halafu wakavuka kwenda Bara Hindi na kurudi. Kurudi kuliwachukua karibu miezi mitatu baharini, na kiseyeye kikawafyeka: ufizi unavimba mpaka unafunika meno, miguu inavimba, mtu anakufa. Wakafa thelathini. Januari 1499 walipofika Malindi, nahodha alimtuma mtu nchi kavu na agizo la machungwa. Wagonjwa walikuwa wakiyatamani kuliko kitu kingine. Siku chache baadaye wakaichoma moto São Rafael pale pale Mtangata, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu.

Kwa hiyo wagonjwa walijua dawa yao. Wenye vyeo walichukua karne tatu kukubali. James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliwajaribu mabaharia 12 mwaka 1747, akawapa wawili wawili dawa tofauti. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio walioinuka haraka. Amri ya kuwapa mabaharia maji ya limau ikatoka 1795.

Kinachonihusu mimi ni kilichofuata. Katikati ya karne ya 19 waliacha malimau ya Mediterania wakachukua ndimu za visiwa vya Karibi. Vitamini ilikuwa pungufu tangu mwanzo, na juu ya hapo maji ya ndimu yalihifadhiwa yakipigwa na hewa na kupitishwa kwenye mabomba ya shaba. Shaba huiua vitamini C upesi. Msafara wa Waingereza kwenda ncha ya kaskazini, 1875 hadi 1876, ulibeba ndimu hizo na kiseyeye kikawapata. Wataalamu wakaanza kusema labda limau halikuwa dawa kamwe! Tunda halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kuhifadhi.

Ijumaa, 16 Juni

Nimepekua kreti zilizo stoo. Ya tatu kutoka juu, pembeni, chungwa moja limeingia ukungu. Kwanza doa laini linalobonyea, lenye maji. Juu yake utando mweupe. Katikati ya utando unga wa kijani cha mzeituni, na ukingo mweupe umeuzunguka. Nimelinyanyua taratibu kwa mfuko wa nailoni, nikaugeuza mfuko na kulifunga humo. Ukilitupa kwa kishindo, unga ule unaruka na kutua kwenye kila jeraha lililo chumbani. Nikatazama kikonyo: hakikuwepo. Lilichumwa kwa kuvutwa.

Yaliyoligusa nimeyafuta kwa kitambaa kikavu, nimeyatenga, yataliwa kwanza. Jirani wa chungwa lililooza huzeeka upesi hata kama ukungu haujamfikia, kwa sababu linalooza hutoa gesi ya kuivisha, na gesi hiyo hulegeza vikonyo vya wengine.

Shangazi alikuja na kiroba cha nailoni, amefunga mdomo kwa kamba, machungwa ndani yanatoa jasho. Nilikifungua mbele yake na harufu ikajibu kabla yangu. Chungwa linataka hewa yenye unyevu, halitaki maji juu ya ganda lake. Nyavu, kreti yenye matundu, tenga lililotandikwa majani makavu, vyote vinafaa. Mfuko uliofungwa haufai, na sakafu ya saruji inayopigwa na jua la mchana haifai.

"Na friji?" aliuliza.

Machungwa na machenza, ndiyo, kwenye droo ya chini. Yatakaa wiki kadhaa. Ndimu, malimau na mabalungi hayapendi baridi kali. Yanataka kama nyuzi 10 au zaidi. Chini ya hapo, yakikaa muda, ganda linatoboka vijishimo vya kahawia na ndani panakuwa na ladha ya ajabu. Ndimu za wiki moja zikae kwenye kikapu jikoni. Zikizidi, kamua, gandisha kwenye trei ya barafu, kisha ziweke kwenye chombo chenye mfuniko. Utatoa kipande kimoja kimoja miezi ijayo.

Kijana mmoja wa ugani amependekeza tujenge kibanda cha matofali, kuta mbili na mchanga katikati unaomwagiwa maji. Kinafanya kazi kama mtungi: maji yakitoka kwa mvuke yanaondoka na joto. Dodoma kingetufaa sana. Huku hewa yenyewe imeshiba maji, mvuke hautoki kwa kasi, na baridi utakayopata ni ndogo. Mjomba akasema tofali hizo atajengea choo.

Jumanne, 20 Juni

Ndugu zetu wa kule Amani wameteremsha mabalungi, makubwa, mekundu ndani. Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Nikayaondoa mezani, akakasirika.

Anatumia nifedipini kwa presha. Balungi lina kemikali zinazozima kimeng'enya cha utumbo ambacho huivunja dawa hiyo. Kimeng'enya kikizimwa, dawa nyingi kuliko kipimo inaingia kwenye damu, presha inashuka kupita kiasi, mtu anasikia kizunguzungu, anaanguka. Kula balungi asubuhi na dawa usiku hakuondoi hatari, kwa kuwa nguvu hiyo hudumu zaidi ya siku moja. Baadhi ya dawa za lehemu, kama simvastatini, zina tatizo lile lile. Danzi na furungu nazo zina kemikali hizo. Chungwa tamu halina neno.

"Yaani dawa ya daktari inaninyima tunda la Mwenyezi Mungu?"

"Inakunyima hili tu, Mama. Na usiache dawa ili ule balungi. Tukienda kuchukua nyingine tumwulize mfamasia kama ipo isiyogombana nalo."

Akanyamaza, kisha akasema yagawiwe majirani, lakini niwaulize kwanza wanameza nini. Amenipa kazi ya kutwa.

Jumamosi, 24 Juni

Bei imeporomoka. Kila shamba linachuma kwa pamoja, barabara ya Segera imejaa malori, na mnunuzi anajua huna pa kuyaweka. Jirani amekubali bei ambayo haifikii hata gharama ya palizi.

Mjomba hajachuma miti ya Valencia iliyo upande wa mto. Anasema ghala lake ni mti. Na ni kweli kwa kiasi: Valencia lililokomaa linaweza kuning'inia wiki nyingi bila kuharibika, linapata maji kutoka mizizini, na hakuna stoo Muheza inayoweza hivyo. Lakini ghala hilo lina kodi. Ukali unapungua mpaka ladha inapooza, baadhi hukauka nyama kwenye kikonyo, na nzi wa matunda wanakuja. Nzi hawa wa kutoka Asia walionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na hapa kwetu mwaka ule ule. Jike anatoboa ganda, anataga. Unaona kitone tu, kisha chungwa linageuka rangi upande mmoja na kudondoka. Ndani funza.

Tumeokota yaliyodondoka yote. Tumeyatia kwenye mifuko myeusi, tumeifunga na kuiacha juani mpaka funza wafe. Ukiyaacha chini ya mti, wanaingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya. Majirani wanatucheka kwamba tunafagia msitu.

Jumanne, 27 Juni

Idd imefika mlangoni. Achari imefunguliwa: ndimu zimekuwa kahawia, ganda limelainika, Mama ametia pilipili na bizari. Sijidanganyi kuwa imebaki na vitamini ya maana baada ya jua lote lile. Ni ya kuchangamsha pilau, na kwa chumvi ile Mama atapata kipande kimoja tu. Vitamini ya siku hiyo itatoka kwenye kachumbari iliyokamuliwa ndimu mbichi mezani, na machungwa yatakayokatwa baada ya kula. Chai nimeomba icheleweshwe mpaka wageni wamalize kusalimiana.

Baada ya magharibi nimekaa na Mjomba. Nimemwekea hesabu: kreti zetu tulizochuma kwa kukata, na zile tulizojaza machungwa ambayo vijana wa mnunuzi waliyaacha nyuma lori lilipojaa. Za kukata, yaliyooza ni ya kuhesabu kwa vidole. Zile nyingine zimeliwa na ukungu karibu nusu, na zote zimekaa stoo moja, kwa hali ya hewa ile ile.

Alizitazama sana. Hakusifu, si kawaida yake. Akauliza mkasi wa kuchumia unauzwaje, nikamwambia. Akauliza mnunuzi gani atakubali kulipa zaidi kwa chungwa lenye kikonyo. Wa lori hatakubali, nikasema, lakini hoteli za Tanga na wenye maduka ya matunda wanaonunua kwa kreti watakubali, kwa sababu wao ndio wanaobaki na mzigo ukioza.

"Msimu wa vuli, basi," akasema. "Miti ya mtoni siuzi mtini. Vijana watachuma baada ya saa nne, na atakayevuta nitamkata ujira."

Mikasi nitanunua mimi. Ngazi na mifuko ya kuchumia ni juu yake, na kesho asubuhi anampigia simu fundi.